Masizi ya Saa Saba Mchana

Nyamwage, Jumanne, baada ya tarawehe

Majiko, eti. Bosi wangu anataka ripoti iseme masizi tunayoyapima hapa barabarani yanatoka kwenye kuni za akina mama.

Nimemwonyesha vipimo. Mwezi huu wa mfungo hakuna anayeinjika chungu mchana, lakini saa saba, malori yakisimama kupumzika huku injini zinanguruma, masizi yanapanda vilevile kama zamani. Nikamuuliza, "Sasa hapo nani anapika?"

Akacheka. "Malori hayaji mkutanoni, binti yangu. Akina mama watakuja."

Ningemjibu anavyostahili, ila nilikuwa nimefunga.

Kesho, kwenye mkutano wa kijiji, ripoti naisoma mimi. Mama yangu atakaa mbele na kikohozi chake, akisubiri mwanawe amwambie kosa ni lake.