Chai ya Rajabu

Zuhura mjukuu wangu,

Huku Manzese sote wazima, na mama yako anakusalimia. Umeniuliza: hayo majaribio ya dawa ya ugonjwa wa kusahau mnayofanya huko kazini kwako yakifika Dar, watu waliozaliwa na ulemavu wa akili wa sindromu ya Down, ambao ugonjwa huo huwapata mapema, kama mdogo wangu Rajabu, wajiamulie wenyewe au tuwajibie sisi?

Nilipokuwa msichana, Rajabu tulikuwa tukimtilia sukari nyingi kwenye chai, tukidhani ndiyo raha yake. Siku moja mgeni akamuuliza yeye mwenyewe. "Mie sipendi sukari," akajibu. Nikaimwaga ile chai, nikammiminia nyingine isiyo na sukari.

Basi jana nimemweleza taratibu, nikamuuliza. Amekubali, ila sindano apigwe mkono wa kushoto. Wa kulia, anasema, ni wa kusalimia watu.

Bibi yako