Nzi Wangu Wamezama Wote

Shoga, nimejifungia chooni kwa wakwe. Usipige simu, watasikia.

Wale nzi wa bandia wa kuvulia samaki aina ya trauti, niliokuwa nawafunga kwa manyoya kwenye ndoana mpaka macho yananiuma? Leo nimempa baba mkwe zawadi, mezani, mbele ya ukoo mzima. Akafungua kibati, akaagiza glasi ya maji. GLASI YA MAJI! Eti nzi wa aina hii kazi yake ni kuelea.

Akamdondosha wa kwanza. Akazama. Wa pili, chini. Kila akizama mzee anasema, "Tumzike na huyu." Mawifi wanacheka mpaka wanalaliana!

"Umefunga manyoya ya tetea," ananiambia. "Laini, yanakunywa maji. Hapa yanatakiwa ya shingo ya jogoo. Hukumuuliza mumeo?"

Nilimuuliza! Manyoya kanipa yeye! Na kibati kanipa yeye!

Akabaki mmoja. Shoga, akaelea! Nikapiga makofi, mjinga mimi. "Huyo je, baba?"

Wifi mkubwa ndiye akanijibu, huku anatabasamu. "Huyo si wako. Huyo nzi alifungwa na mke wa kwanza wa mumeo. Alibaki humo kibatini."

Mume wangu hata hakunitazama. Kamtoa yule nzi majini kwa vidole viwili, akampuliza taratibu, taratibu, mpaka akakauka. Kamweka mfukoni mwa shati. Wangu kawaacha wamezama glasini.

Kampuliza, shoga. Mimi nikiingiwa na vumbi jichoni ananiambia nikanawe.