Mama Mkwe Kaziba Mwanya wa Sakafu

Shikamoo mshauri, nakuomba unisikilize maana nyumbani kwangu hakukaliki. Mimi ni fundi wa sakafu na kazi yangu naijua, nikamwekea mama mkwe vigae sebuleni juu ya saruji niliyoisawazisha mwenyewe, na kwa kuwa sebule ni ndefu na jua la mchana linaingia mlango mzima, nikaacha mwanya katikati nikaujaza mpira laini, ili sakafu ikipata joto iwe na pa kutanukia, lakini yule mama ni mtu wa usafi kupindukia, akaona pale panakusanya vumbi, akauchokoa mpira wote kwa kisu akashindilia saruji nyeupe, tena kwa ustadi, hata mimi ningemwajiri, na sasa vigae vimetutumka, vinalia ukivikanyaga, na kila mgeni anaambiwa, "Haya ndiyo mambo ya mkwe wangu fundi." Mke wangu ananisihi nimeze, eti mama yake hasahihishwi, lakini wateja wangu ndio hao hao wageni, na wameanza kunikwepa. Nikisema, nimemvunjia heshima. Nikinyamaza, kazi imeota mbawa. Nifanyeje?

Fundi Mpole

Marahaba, Fundi Mpole. Pole, lakini na wewe una lako. Ulimwachia mama wa watu ufa katikati ya sebule ukaondoka bila kumweleza ufa huo ni wa nini. Wewe uliona ujuzi, yeye aliona umeishiwa vigae. Ulitaka autazame tu?

Na mkeo asikutishe. Kumwacha mkweo akanyage vigae vinavyopasuka si heshima, ni woga.

Nenda kwa mkweo mchana, jua likiwa kali. Amkia, kaa, kunywa utakachopewa. Kisha sema, "Mama, sakafu yetu imebanwa na joto, nimekuja kuipa nafasi." Sema "yetu", na swali la "nani aliziba" lisikutoke kabisa. Ng'oa vigae vilivyotutumka mbele yake, kata mwanya upya mpaka kwenye saruji ya chini, ujaze mpira, umwombe aubonyeze kwa kidole. Akiuliza utasafishwaje, ni kitambaa chenye maji tu. Mtu anayeshindilia saruji vile ana akili ya ufundi, ataelewa kabla hujamaliza.

Usingoje akuombe radhi, hataomba. Siku moja utamkuta amemsimamisha mgeni mlangoni, anamfundisha kwa nini sakafu nzuri lazima iachiwe mwanya, kana kwamba aligundua yeye. Siku hiyo, mwanangu, itikia tu, "Ndiyo, mama."