Karatasi ya Papa wa Mguu

Gihundwe, Cyangugu
Jumatano, 24 Novemba 1999

Mpendwa mdogo wangu Nzabonimpa,

Pokea salamu nyingi kutoka kwetu huku milimani. Hujambo wewe? Wifi yangu Mukagasana naye hajambo, na lile tumbo lililomsumbua mwezi wa nane limetulia? Watu wanaotoka huko Mwanza wanasema umenenepa kwa sato mpaka shati la harusi halifungi tena. Sikubali wala sikatai, nasubiri picha. Nimekuandikia barua mbili tangu Pasaka na hujajibu hata moja, lakini leo sikugombezi, kwa sababu nina jambo kubwa kuliko uvivu wako.

Sisi ni wazima, tunamshukuru Mungu. Shemeji yako Damascène bado anafundisha, na kile kikohozi kimemwacha. Joselyne ameota meno mawili ya mbele na maneno ya watu wazima. Mvua imenyesha vizuri na maharage yamesimama shambani. Ng'ambo huko Kongo vita vinaendelea kama unavyosikia redioni, ila daraja liko wazi na watu wanavuka na biashara zao. Barua hii anakuletea Twahiru, fundi cherehani wa Kamembe, anayekuja huko kutafuta vitenge. Nimemwomba akukabidhi wewe mwenyewe mkononi. Kaa chini kwanza, ndipo uendelee kusoma.

Siku kumi zimepita sasa. Ngoja nikueleze kwa utaratibu, maana nikianzia mwisho hutanielewa.

Unajua kwamba nasali na wanawake wa chumba cha maombi pale Kamembe. Tuna desturi yetu, mara mbili kwa mwaka. Kila mmoja anaandika shida yake moja kwenye karatasi, bila jina, anaikunja na kuitia kikapuni. Kisha kila mmoja anachota karatasi ya mwenzake, na shida aliyoichota inakuwa yake. Anaiombea siku arobaini, na kila Jumatano anafunga. Hujui unambeba nani. Siku zikitimia tunakutana Jumapili baada ya ibada, kila mmoja anasimama na kusoma karatasi aliyobeba, na mwenye shida anajitokeza. Kama Mungu amejibu, tunaimba. Kama hajajibu, aliyebeba anaulizwa mbele ya wote kama ataongeza siku arobaini nyingine. Sijawahi kumwona mtu akikataa.

Karatasi yangu mimi unaijua bila kuambiwa. Mara tatu nimeandika jambo lile lile: tuione mifupa ya dada yetu Mukandori na wanawe, tuwazike. Nilikuandikia zamani jinsi nilivyofika Mibirizi alikoolewa, mwaka ule wa mauaji, tisini na nne, tulipotoka Bukavu na mabegi yetu, nikakuta nyumba yao haina hata bati. Mwalimu, mumewe, aliuawa barabarani na akazikwa na watu. Lakini Mukandori na watoto walitolewa mafichoni, na majirani wakanitajia aliyewatoa: Habineza, jirani yao wa ua kwa ua, ambaye wakati huo alikuwa amekimbilia Kongo na mkewe. Alikowapeleka hakuna aliyeona, au hakuna aliyetaka kusema.

Mara hii karatasi niliyochota ilikuwa imeandikwa kwa penseli, herufi kubwa kubwa: mume wangu mguu wake unaoza, mniombee apone, wasimkate. Basi, hayo tu. Nikaipenda mara moja. Nilichoka na shida zisizo na mwanzo wala mwisho, na mguu ni kitu ambacho mtu anaweza kukifikiria. Nikadhani ni dereva fulani, au mtu aliyepigwa risasi ng'ambo. Nikampa hata sura, Mungu anisamehe. Nilimpa sura ya baba yetu alipokuwa na kile kidonda kule Uvira.

Nyumbani Joselyne akampa jina, Papa wa Mguu. Akawa hali chakula kabla hajamwombea. Mimi nilimwombea kwa bidii ambayo sikuwahi kuwa nayo hata kwa shida yangu mwenyewe. Jumatano moja nilifunga bila hata tone la maji, na Damascène akanitania kwamba mwanamume asiyejulikana ananifanya nisahau kumpikia yeye uji.

Jumapili tarehe kumi na nne nikasimama, nikaisoma. Maman Vestine akapiga kelele ya furaha, akaja mbio kunikumbatia. Ni mwanamke mpole, anaimba sauti ya pili, na kila Alhamisi tunakaa naye tunadarizi vitambaa vya meza.

"Maman Joselyne, kumbe ni weye! Nilikuwa nasikia muntu ananibeba, kumbe ni weye!"

Mchungaji akamwuliza habari za mgonjwa, na jina lake, ili kanisa lote limkumbuke. Akasema mguu haujapona, daktari anataka kuukata juu ya goti. Akasema pia kwamba mumewe yuko gerezani tangu waliporudi kutoka kambi za wakimbizi huko Kongo. Hilo alilisema polepole, akitazama sakafu. Kisha akataja jina. Habineza, wa Mibirizi.

Nikauliza Habineza yupi. Nilikuwa nimeshajua, Nzabonimpa, lakini niliuliza.

"Wa pale karibu na nyumba ya mwalimu," akanijibu.

Nikamwambia kwamba mke wa mwalimu alikuwa dada yangu. Mikono yake ilikuwa bado mabegani mwangu. Akaiondoa, mmoja baada ya mwingine.

Miaka miwili tumekaa benchi moja! Naandika hivi na bado siamini. Nilimpa gauni la Joselyne lililombana, akamvalisha Vestine. Alikaa kwangu nilipougua malaria. Yeye kwangu ni Maman Vestine na mimi kwake ni Maman Joselyne, mwanamke aliyekulia Kongo. Unajua tunavyoitana huku, kwa majina ya watoto, na hakuna mwenye adabu anayemwuliza mwenzake jina lake mwenyewe. Jina lake ni Nyiransabimana. Majirani wa Mibirizi walikuwa wamenitajia jina hilo pamoja na la mumewe, na ningelisikia kanisani mara moja tu ningelijua. Kwa adabu yetu hiyo nimefunga chakula siku arobaini kwa ajili ya mguu wa mtu aliyemtoa Mukandori mafichoni.

Mchungaji, maskini, alikuwa hajaelewa. Akaniuliza lile swali lake la kila mara, kama nitaongeza. Nikatoka nje. Nilifika nyumbani nimelowa chapachapa, karatasi iko mkononi, mwavuli nimeuacha. Na Joselyne vilevile nilikuwa nimemwacha! Aliletwa na jirani, analia.

Nilimkasirikia Mungu. Nakuambia wewe waziwazi, kwa sababu katika ukoo wetu tumebaki wawili na sina wa kumficha. Nilimwambia, nimekuomba mifupa mara tatu na wewe umenipa mguu. Sikupiga hata magoti, nilimwambia nikiwa nimesimama mlangoni, viatu vimejaa tope. Damascène alisikiliza yote, kisha akasema nihame kanisa, kwani Kamembe haijapungukiwa na makanisa. Siku iliyofuata tulipokaa kula, Joselyne akafumba macho.

"Na Papa wa Mguu, Yezu umuponyeshe."

Nikampiga kofi. Mtoto wa miaka saba, anasali, nami nikampiga kofi. Nilimwomba msamaha, lakini sababu sikumwambia, na hadi leo anasali huku amefumbua jicho moja, ananiangalia.

Jumanne akaja bibi mmoja anayeitwa Maman Nsimire. Humjui. Ni mtu wa Bukavu, Mushi kwa kabila, kila siku anavuka daraja kuleta sambaza, wale samaki wadogo wa ziwani, na mdomo wake hauna breki. Ndiye aliyechota karatasi yangu mara ya kwanza, na kila nilipoiandika tena aliibeba yeye siku arobaini nyingine, hata mara hii. Nikadhani amekuja kunituliza. Nikamwuliza kwa ukali amepata faida gani kwa maombi yake hayo yote.

"Sikupata kitu," akasema. "Siku mia moja na makumi mbili naombea ile mifupa, na haiyaonekana. Lakini mwaka jana ulikuwa unaingia mu kanisa unashikilia benchi na benchi, juu usianguke. Bamama banakushika mukono kwa kutoka. Leo unanipigia makelele wima. Sasa weye niambie, hiyo nguvu ilitoka wapi?"

Nikainuka kumwongezea chai. Alikunywa chai yangu yote akaenda zake na beseni lake. Sikutaka awe amesema kweli, Nzabonimpa. Lakini nilikumbuka kwamba ile safari ya kwanza ya Mibirizi ilibidi nibebwe kurudi, na mwezi wa sita mwaka huu nilikwenda peke yangu kwa miguu, nikapalilia uwanja wao, nikarudi, nikapika. Shida yangu ilikuwa ile ile. Hakuna aliyeipunguza hata kidogo, na mimi nilikuwa naweza kupika.

Ijumaa nikaenda kwa Nyiransabimana. Nilimkuta anafunga sufuria ya maharage ya kupeleka gerezani, maana Ijumaa ndiyo siku yao ya kupeleka chakula. Hakunikaribisha ndani na mimi sikungoja kukaribishwa. Nilimwuliza swali moja: dada yangu yuko wapi?

"Maman, mi namuulizaka," akasema. "Kila Ijumaa namuuliza. Ananyamaza, anakula. Siku moja nilimunyima chakula juu aseme, akanirudishia sahani bila neno." Kisha akaanza kulia. "Na docteur anasema kama sumu ya mguu inapanda, atakufa. Akikufa, weye na miye hatutajua tena."

Nilirudi njia nzima nikiwaza maneno hayo. Nikaona kuna jambo ninaloweza kulifanya bila kujidanganya. Jumapili nilisimama mbele ya wote nikasema ninaongeza siku arobaini. Wakaimba, wengine wakalia, wakadhani wameona muujiza wa msamaha. Mimi sikuimba. Nilikuwa nimepanga ombi langu vizuri kama mtu anayeandika barua kwa mkubwa: mguu upone, Habineza aishi, ili aseme alikowapeleka. Nilimtaka hai kwa ajili ya ulimi wake tu. Nyiransabimana alilijua hilo, kwa sababu nilimwambia kabla ya ibada, na akasema hata hivyo anashukuru.

Kwa hiyo usimwambie mtu yeyote huko kwamba dada yako amesamehe. Sijasamehe. Mifupa haijaonekana, mguu unazidi kunuka, na Damascène Jumapili hiyo hakwenda kanisani, ingawa usiku alinitengea uji. Nguvu niliyo nayo ni ya kuamka na kufanya kazi ya siku hiyo, na naona ni kweli imetoka kwa Mungu, kwa sababu yangu mimi ilikwisha zamani. Ningependa anipe kitu kingine. Namwambia hivyo kila siku.

Mukandori alikuwa dada yako pia. Alikubeba mgongoni kabla yangu. Ukiona nimemsaliti, niandikie, nitasoma na sitakasirika, au nitakasirika kidogo.

Sasa nikueleze la jana, ndilo lililonifanya nishike kalamu. Asubuhi nilikuwa jikoni nachambua maharage, naomba kama kawaida. Niliuombea ule mguu. Niliomba mfupa usiguswe na sumu, nikaomba apate usingizi maana nasikia huko gerezani hawana pa kujinyoosha, nikaomba kisu cha daktari kisifike juu ya goti. Nikasema amina, nikainuka, nikamwaga maji. Ndipo nikakumbuka kwamba nilisahau kuomba aseme. Nilimwombea tu apone, Nzabonimpa, kama walivyo wagonjwa wengine. Nikakaa chini palepale, sufuria mkononi, na sijui nani ameniingia moyoni bila kubisha hodi.

Msalimie sana wifi yangu Mukagasana, na Nshimiyimana fundi mwenzako, mwambie soksi alizonitumia zimemtosha Damascène. Damascène anakusalimu, Joselyne anakusalimu, anauliza kama samaki wa huko wana meno. Mungu wa baba yetu na mama yetu akushike mkono mchana na usiku, na yale ambayo hatayaondoa akupe mabega ya kuyabeba. Nijibu safari hii, hata mistari miwili.

Mimi dada yako nikupendaye daima,

Uwamwezi