Jalada la Kitabu cha Hekaya

Leningrad, 22 Novemba 1941

Binti yangu Taisiya,

Salamu zikufikie huko Tashkent, wewe na mjukuu wangu Ulyana. Mimi nipo, ila miguu imeanza kuvimba. Nikuambie ukweli, tuna njaa. Wajerumani wametuzingira, na mkate wa siku nzima haujazi kiganja. Meza yangu ya kujalidia vitabu nimeshaichoma nipate joto.

Kuna bwana wa ghala la mikate, mpenda vitabu adimu. Anakitaka kile cha hekaya za wanyama, chapa ya kwanza, kilichonunuliwa na babu wa babu yangu. Atanipa mikate sita na kopo la mafuta. Lakini si changu. Kwetu kitabu huwa cha mtoto siku anayosoma hekaya ya kwanza bila kusaidiwa, na wewe uliisoma una miaka mitano, ukatutambia wiki nzima. Sema neno, nitafuata.

Baba yako

Tashkent, 18 Desemba 1941

Baba, shikamoo.

Sisi wazima, kikohozi kimemwacha Ulyana. Barua yako imefika, ila wakaguzi wa barua wameipaka wino mweusi karibu yote. Nimeona tu kwamba upo, na kwamba kuna bwana anakitaka kitabu changu. Sijui ulimtukana nani humo, nakujua mdomo wako.

Huyo bwana mwambie aende zake. Nataka Ulyana ajifunzie herufi humo kama mimi. Niahidi, baba.

Mwanao, Taisiya

Leningrad, 9 Januari 1942

Binti yangu,

Nimeahidi. Yule bwana nimemfukuza, akaniita mzee mpumbavu, nami nikamwita panya wa ghala. Yale ya mwanzo sirudii, watayapaka tu. Vidole vina baridi. Jirani yetu Kapitolina ameandikishwa kuhamishwa, atakuletea kitabu. Nibusie Ulyana.

Baba yako

Tashkent, 2 Machi 1942

Baba, shikamoo.

Hii ni barua ya tatu sipati jibu. Umeninunia? Andika hata mstari mmoja, hata wa matusi. Ulyana anakuulizia kila siku.

Mwanao, Taisiya

Tashkent, 14 Mei 1942

Baba, shikamoo.

Najua hutaisoma. Kapitolina alifika wiki tatu zilizopita, nikashindwa kushika kalamu hadi leo. Anasema ulizikwa mwisho wa Januari pamoja na wengine wengi, hajui shimo lipi. Ameniambia pia kilichokuwa chini ya ule wino. Mikate sita, baba. Nami nikakufanyia mzaha.

Kitabu alikileta kimefungwa kwenye shuka. Hakina jalada. Anasema ulilibandua mwenyewe kwa kisu chako cha kazi, polepole, ukachemsha ile ngozi pamoja na gundi yake ya mifupa, ukanywa mchuzi wake siku tatu. Karatasi hukuchoma hata moja, na chumba kilikuwa barafu tupu. Ulimwagiza aniombe radhi kwa sababu ya jalada. Mimi ndiye wa kukuomba radhi, na sina pa kukuombea.

Leo Ulyana amesoma hekaya ya kwanza peke yake, herufi kwa herufi. Kwa hiyo sasa ni chake. Akaniuliza babu alikiachaje bila jalada, yeye anayejalidi vitabu vya watu wote.

Mwanao, Taisiya