Bourse ya Yatima wa Bule

Bunia, tarehe 9 mwezi wa tatu 2025

Kwako mama yangu mupendwa Dorothée, huko Aru,

Ninakusalimu kwa jina la Bwana wetu, nikitumaini barua hii itakukuta na nguvu, weye na mujomba Nicolas na watoto wote wa nyumbani kwake. Je, kidonda cha mukono kingali kinakuuma wakati wa baridi? Miye mutoto wako Ornella niko muzima wa mwili. Hapa mvua zimeanza na barabara imekuwa matope tupu, lakini Claude dereva anasema lori lake litafika Aru kabla ya juma kuisha, ndiyo maana ninaharakisha kuandika. Nimemwomba akupe barua hii mukononi mwako. Nawe ninakuomba uisome peke yako, usimpe mujomba akusomee, hata kama macho yatachoka.

Mama, kwa simu umeniuliza mara tatu habari za Grâce. Mara zote tatu nilikujibu kwamba rezo ni mbaya, nikakata. Rezo ilikuwa nzuri. Grâce amekufa. Alikufa tarehe 11 ya mwezi uliopita, hapa Bunia, hospitalini, na miye nilikuwa pale. Nitakueleza yote, lakini lazima nianze na siku ile ya shamba, kule kwetu Bule, kwa sababu hata siku ile hukuelezwa vizuri.

Mwanzo wake unaukumbuka. Tulikuwa tunapalilia maharage, weye na baba na miye. Grâce alikuwa katika shamba la pili pamoja na koko Anastasie, bibi yake, maana wazazi wake wote wawili walikuwa wamekwisha kuuawa na hakubaki na mutu mwingine duniani. Jua lilikuwa limepanda. Wale watu walitoka katika mihogo bila kelele, wachache na bunduki, wengi na mapanga. Baba alinyoosha mikono, akawaambia siye ni watu wa kulima tu. Walimkata shingo akiwa bado anasema, nikasikia neno lake la mwisho likigeuka kuwa damu. Kisha mumoja akakushika weye. Ukainua mukono wa kuume kujikinga, panga likapita. Mukono ulianguka juu ya maharage, vidole vikiwa bado vinacheza. Nawe ulianguka, hukuona tena kitu.

Usichokiona ni hiki: nilikimbia. Watu wa kanisa walipokuambia hospitalini kwamba binti yako ndiye alikufunga mukono, nilinyamaza, nawe ukanibariki. Siyo miye, mama. Nilikimbia mpaka kijitoni, nikaingia katika maji hadi shingo, katikati ya matete, nikabaki humo nikisikia namna walivyokuwa wanawamaliza wale waliokuwa wanalia. Grâce ndiye alirudi. Alimficha koko nyuma ya kichuguu, akarudi shambani wakati wale bado wanachoma nyumba juu ya kilima. Akachana kitenge chake, akakufunga hata damu ikasimama. Halafu akaja kunitafuta. Alisema, “Ornella, toka mu maji. Mama yako iko anapumua bado. Weye kamata miguu, miye nitakamata kichwa.” Hakuniuliza kwa nini nilikimbia, wala siku ile wala siku nyingine.

Yaliyofuata unayajua: pikipiki iliyotuleta Bunia, hospitali, kisha site ya wakimbizi, na mujomba kuja kukuchukua. Siye wawili, miye na Grâce, tulibaki kumaliza shule. Diploma ya Etat, ile ya kumaliza sekondari, tuliipata pamoja, miye na asilimia 61, yeye na 64.

Mwezi wa tisa mwaka jana tangazo lilibandikwa kwenye mulango wa kanisa. Wafanyabiashara wa soko, wengi wao watu waliotoka Butembo, walitaka kutoa bourse, kumulipia musichana mumoja masomo ya uuguzi, miaka yote mitatu, minerval, ile karo ya shule, vitabu na chakula. Tangazo lilisema: yatima wa baba na mama, wa upande wa Bule. Nilisimama pale nikalisoma lile neno “na” mara nyingi. Grâce alijaza dosye yake ya maombi kweupe, akanionyesha. Yangu niliijaza kwa kujificha.

Siku ya kuhojiwa, alipoona nimeketi kwenye benchi pamoja na wengine, alishangaa, kisha akaketi kando yangu. Aliitwa kwanza. Weye unamujua, ni mutu wa maneno machache. Walimuuliza wazazi wake walikufaje, akasema kwa panga. Walimuomba aeleze zaidi, akasema hakuna zaidi. Kisha wakaniita miye. Mama Kaswera, mukubwa wa komite ya wale wafanyabiashara, mwanamuke munene mwenye sauti ya upole, aliniomba nieleze bila woga.

Hapa ndipo kosa langu, mama. Nilieleza kifo cha baba, na yote yalikuwa kweli. Nilieleza panga, na mukono wako, na vidole. Ningesimama hapo, ningekuwa nimesema kweli, na bourse ningeikosa. Nikaendelea. Nilisema panga lilirudi. Nilisema walikukata mara ya pili na mara ya tatu, kwamba ulikuwa unaniita kwa jina, na kwamba nilikuzika miye mwenyewe kwa jembe lako. Nilikuua, mama. Nilikuua polepole mbele ya watu saba, na kadiri walivyolia ndivyo nilivyoongeza. Baba Kamate, anayeshika sanduku la komite, alitoa kitambaa akajifuta macho.

Dirisha lilikuwa wazi na Grâce alikuwa kwenye benchi, chini yake. Alisikia kila neno. Komite walimwita arudi ndani, wakamuuliza kama maneno yangu ni kweli, kwa vile siye ni watu wa kilima kimoja. Aliniangalia. Miye nilitazama chini. Akasema, “Ni kweli. Mama Dorothée alikufa.” Wakanipa bourse.

Nje nilimuuliza sababu. Alisema weye huna mukono wa kulima, na kwamba nikiwa muuguzi utakula. Yeye, akasema, iko na mikono miwili, na koko wake anakula kidogo. Hakusema kwa hasira. Ningefurahi kama angesema kwa hasira, au kama angenitemea mate. Juma lile lile walirudi Bule, yeye na koko, kwa kuwa hapa katika site chakula kilikuwa kimekwisha na watu walikuwa wanasema kwamba huko kumetulia.

Tarehe 11 ya mwezi wa pili tulikuwa kwenye staji ya mazoezi hospitalini, siye wanafunzi wa mwaka wa kwanza. Saa tano za asubuhi pikipiki zilianza kuingia kutoka upande wa Djugu, kwetu, kila moja na mujeruhi aliyefungwa kwa kamba nyuma ya dereva asianguke. Ni wanawake wa shamba tena. Wa nne alikuwa Grâce. Walimukata kichwani na mugongoni, na mikono yote miwili ilikuwa inashikwa na ngozi tu, maana alijikinga kama weye. Nguo ilikuwa imegandamana na damu hata tukashindwa kuivua, tukaikata kwa mukasi. Nilifunga mukono wa kuume namna walivyotufundisha. Nikafunga wa kushoto. Nilifunga vizuri, mama, hata muuguzi mukubwa alisema hivyo. Lakini jeraha la mugongo lilikuwa refu na la ndani, nguo nilizokandamiza pale zilijaa moja baada ya nyingine, na miye nikakandamiza tu.

Alinitambua. Alitazama blauzi yangu nyeupe, akatazama uso wangu. Nilifikiri sasa atanitajia ule uongo wangu. Akaniuliza, “Ulipita?” Alikuwa anauliza mitihani ya mwezi wa kwanza. Nikamwambia nilipita. Akasema, “Ni muzuri.” Kisha akaomba maji. Niliporudi na kikombe walikuwa wamekwisha kumufunika.

Siku tatu baada ya kumuzika nilikwenda dukani kwa Mama Kaswera, sokoni, anakouza vitenge. Nilimwambia mbele ya wateja kwamba mama yangu iko hai, iko Aru, na kwamba yatima waliyekuwa wanamutafuta ndiye tuliyezika. Mwanzo hakuelewa. Alipoelewa alinipiga kofi, akanipiga la pili, mudomo ukapasuka, akanivuta kwa shingo ya nguo hata nikagonga kichwa kwenye rafu. Sikujikinga. Halafu akaniacha, akaketi juu ya balo ya vitenge, akalia kuliko alivyolia siku ile ya komite. Alisema kosa siyo langu peke yangu, kwamba wao waliwapanga watoto kwa mustari na kungoja nani atawaliza zaidi, wakampa yule.

Baba Kamate alitaka nipelekwe polisi. Mama Kaswera alikataa. Bourse yangu imekatwa tangu mwanzo wa mwezi huu, na ni haki. Wameipa musichana mwingine wa Bule, anaitwa Falone, naye hawakumuuliza wazazi wake walikufaje. Walisoma karatasi zake tu. Miye sasa ninafua mashuka ya wagonjwa hospitalini ili nile.

Kumebaki jambo moja. Koko Anastasie hakuwa shambani siku ile ya mwezi wa pili, magoti yalimuzuia, basi alipona. Iko hapa, katika site, peke yake ndani ya hema. Kila asubuhi ninamupelekea maji, na kila asubuhi ananiwekea mukono juu ya kichwa na kunibariki kwa kuwa nilifunga majeraha ya mujukuu wake. Bado sijamwambia. Nimekuandikia weye kwanza ili nisipate tena njia ya kurudi nyuma. Kesho, nikimaliza kumumiminia maji, nitaketi chini mbele yake nimwambie yote: kijito, komite, na kwa nini mujukuu wake alikuwa katika lile shamba. Akinifukuza, nitaweka bidoni ya maji nje ya hema niondoke, na kesho kutwa nitaleta nyingine.

Mama, sikuombi unisamehe upesi. Ukiona ni vema kunilaani, nilaani kwa simu, nisikie. Nitakaa kimya mpaka umalize, maana itakuwa sauti yako, na unaitoa ukiwa hai.

Unisalimie mujomba Nicolas na muke wake, na watoto wote mumoja mumoja, na mama wa jirani anayekusaidia kuteka maji. Mwenyezi Mungu akulinde, akuongezee siku.

Ni miye, mutoto wako,
Ornella