Tangazo la Jumapili

Kwa mdogo wangu, tuliyenyonya naye ziwa moja,

Nakutolea salamu ya amani kwa sababu dini imeniwajibisha kukutolea, wala usiitafutie sababu nyingine. Mimi ni mzima, namshukuru Mola. Magoti yananiuma ninapoinuka, lakini ulimi bado haujaniuma. Hali yako nimeiulizia kwa dada yetu fundi cherehani, naye ameniarifu kwamba presha yako imeshuka na kwamba umenenepa. La presha limenifurahisha. La kunenepa nimelielewa pia, kwani mtu aliyekwisha kumtwisha mwenzake mzigo wa matusi hula kwa raha.

Barua yako kwa kamati ya madrasa imefika. Mwenyekiti aliisoma kwa sauti mbele yangu, na wajumbe sita waliinamisha vichwa kama watu wanaotafuta sindano zuliani. Umeandika kwamba stashahada ya ualimu nimeipata kwa mikono ya dada yetu. Umeandika kwamba kipanya cha kompyuta nakishika kama kipande cha sabuni kinachoteleza. Umeandika kwamba ulinikuta mbele ya somo nimelala mdomo wazi, na kwamba kumsomesha mtandaoni mzee wa miaka sitini na minne ni sawa na kumvisha ngamia viatu. Hapo wajumbe walicheka. Mwenyekiti naye alicheka, kisha akakohoa ili ionekane kuwa hakucheka.

Unajua kama nijuavyo mimi tunachogombea. Madrasa ile aliijenga marehemu baba, tofali kwa tofali, na wewe na mimi ndio tuliomchotea maji ya udongo. Kamati ilitamka mwaka jana kwamba kiti cha mwalimu mkuu hakitakaliwa tena na mtu asiye na stashahada ya ualimu. Atakayefaulu zaidi kati yetu atakikalia, na tukishindwa sote ataletwa mgeni. Tukajiandikisha siku moja, dirisha moja, katika kozi ile ya mseto, siku nne za juma mtandaoni na Jumamosi moja kila mwezi ana kwa ana chuoni. Karani alituuliza kama sisi ni ndugu. Ukamjibu kwamba ndivyo watu wasemavyo.

Nakiri kwamba sikuanza vizuri, na nakueleza mwenyewe ili usije ukajisifu kwa kulichimbua. Sisi tulisomeshwa kwa kupiga magoti mbele ya mwalimu, pumzi yake ikitugusa uso. Kwa hiyo siku ya kwanza nilioga, nikavaa kanzu iliyopigwa pasi, nikaenda kwenye chumba cha kushonea cha dada yetu, ambako kuna utulivu kuliko kwangu, nikafungua kompyuta na kumsalimu mhadhiri. Hakuniitikia. Nilinyoosha mkono niulize swali, akaendelea kusema. Siku ya tatu nilikasirika, nikamwambia dada kwamba binti huyu, niliyemzidi umri mara mbili, hakulelewa. Dada yetu alitoa pini mdomoni, akacheka mpaka cherehani ikasimama. Akaniambia kwamba huyo amerekodiwa tangu mwezi uliopita, kwamba hata nikianguka pale nikakata roho hatageuka, na kwamba nibonyeze hapa asimame, na hapa arudie. Kisha akaniuliza kama hata suruali mpya iliyo chini ya kanzu niliivaa kwa ajili ya kioo cha kompyuta.

La pili lilikuwa zito zaidi. Kila juma tulitakiwa kuandika maoni katika jukwaa la majadiliano, nayo yalikuwa na alama zake. Niliyasoma ya wenzangu yote, neno kwa neno, wala sikuandika. Marehemu baba alitufunza kwamba mwanafunzi hafungui kinywa mbele ya mwalimu mpaka aruhusiwe, nami nikawaona wale wanaojibizana na mhadhiri kuwa ni watovu wa adabu. Nikangoja niitwe. Nilingoja majuma matano. Mwishowe mhadhiri akanipigia simu, akaniuliza, mzee wangu, mbona huhudhurii? Nikamjibu kwa ukali kwamba sijakosa hata siku moja, na kwamba nimekaa kimya kwa heshima yake. Kisha akasema kwa upole kwamba mtandaoni hawezi kumtofautisha aliyenyamaza kwa heshima na aliyekwenda kulala, wote huwaandikia sifuri. Nilikuwa na sifuri tano, mimi niliyehifadhi Kitabu nikiwa na miaka kumi na mmoja.

Hapo ndipo nilipojifunga kibwebwe. Niliuchapisha mwongozo wa kozi, nikaubandika ukutani kwa dada, kila kazi na siku yake ya mwisho, naye akaikata kwa chaki ya kushonea kila ilipokamilika. Saa ya somo nikaifanya kama saa ya sala, haisogezwi kwa mgeni wala kwa mvua. Simu aliichukua dada akaitumbukiza katika kopo la vifungo. Kazi nilizituma siku moja kabla, maana umeme haumjui mcha Mungu ukitaka kukatika. Nisipoelewa, nilimwandikia mhadhiri siku ile ile, wala sikungoja Jumamosi ya kukutana. Jukwaani niliandika mara ya kwanza, na msichana mmoja akanijibu kwamba hakubaliani nami hata kidogo. Nilikaa na jibu lake siku mbili nikitafuta namna ya kumkemea, nikaona amesema kweli, nikamwandikia kwamba amesema kweli. Dada hakunisaidia hata herufi moja. Kazi yake ilikuwa kunitukana. Niliposinzia alinirushia kigae cha sabuni yake ya kuchorea vitambaa na kuniambia amka shehe, usingizi huu hauna thawabu. Kulala nililala, basi. Lakini niliamka.

Na wewe? Wewe ulitutangazia kwamba masomo ya mtandaoni ni ya kusoma ukiwa umejinyoosha kitandani. Uliyaacha yakarundikana miezi mitatu, kisha ukamsikiliza mhadhiri kwa kasi maradufu, akilia kama kuku aliyekanyagwa, huku ukinyoa ndevu. Neno lako la siri ulilisahau mara nne, na mara zote ukamlaumu fundi wa mitambo. Jumamosi za kukutana ulikaa nyuma kabisa, ukawaambia wenzetu kwamba yule mzee wa mbele ni kaka yako, wapite polepole wasimwamshe. Nilisikia. Masikio yangu hayajafikisha miaka sitini na minne. Mtu wa namna hiyo ndiye anayekwenda mbele ya kamati ya baba yake kuninyooshea kidole! Nyani haoni kundule.

Nimeyatanguliza hayo kwa makusudi, ili nitakayoyasema sasa usiyadhanie kuwa ni ulaini.

Mtihani wa mwisho ulikuwa ufanyike chuoni, Jumamosi, saa tatu asubuhi. Jumapili iliyotangulia, baada ya sala ya alasiri, tangazo liliwekwa katika ukurasa wa kozi kwamba ukumbi utapakwa rangi, hivyo mtihani umetangulizwa hadi Alhamisi, saa ile ile. Nililisoma. Nikaifuta Jumamosi ukutani, nikaandika Alhamisi kwa wino mwekundu. Dada aliniuliza kama wewe unajua. Nikamwambia unajua. Jumatatu ukanitumia ujumbe, wa kwanza tangu tugombane: Kaka, mtihani wa Jumamosi ni saa tatu au saa nne?

Niliutazama muda mrefu. Kisha nikakuandikia: Saa tatu.

Niliiambia nafsi yangu kwamba sikusema uongo. Saa ni tatu kweli, na siku hukuniuliza. Miaka arobaini ya kusoma sheria ya dini niliitumia kulisitiri neno moja. Alhamisi niliingia ukumbini, nikaona kiti chenye namba yako kiko kitupu. Nikageuza karatasi, nikaanza kujibu. Nilipata alama themanini na moja. Wewe ulifika Jumamosi ukawakuta wapaka rangi.

Mwenyekiti alipokuwa akiisoma barua yako, nililingoja hilo. Alipofungua ukurasa wa pili nilishika ukingo wa meza. Akasoma: Katika kukosa mtihani simlaumu kaka, nilimwuliza akanijibu kabla tangazo halijatoka, na kosa la kutosoma matangazo ni langu. Mwenyekiti akainua macho, akaniambia kwamba angalau hapo mdogo wangu amenitendea haki. Nikaitikia kwa kichwa. Umenizulia mambo chungu nzima, ndugu yangu, na lile moja nililolitenda kweli ndilo ulilonitakasa nalo. Matusi yako yote hayakunidhuru kama mstari huo.

Juzi nilikwenda kwa mhadhiri nikamwonyesha simu, tangazo la Jumapili na jibu langu la Jumatatu. Hakunikemea. Aliniuliza tu kama ni kweli mimi ndiye mwalimu wa dini, na ningependa zaidi angenikemea. Wewe umeruhusiwa kuufanya mtihani Jumanne ijayo, saa tatu asubuhi, chumba cha kwanza cha ghorofa ya chini, nao ni Jumanne kweli, wala usiniamini mimi, fungua ukurasa wa kozi usome mwenyewe. Nenda na kitambulisho. Shauri langu limepelekwa mbele ya kamati ya nidhamu ya chuo, na huenda alama zangu zikafutwa. Kamati ya madrasa nayo nimeiandikia neno kwa neno, nikaiomba kiti kisikaliwe na mtu mpaka matokeo yako yatoke. Wakiamua kwamba mtu kama mimi hafai kukikalia, sitapinga.

Meza iliyo kwa dada ni yako kuanzia kesho. Sitafika huko, usije ukasema nakuchungulia. Mwongozo uko ukutani. Maelezo yangu ya masomo kumi na mawili yamo ndani ya bahasha, na maandishi ni makubwa kwa sababu ya macho yangu, usiyacheke. La sita lirudie mara mbili. Mtihani hauulizi ulikariri nini, unauliza ungefanya nini darasani, na hapo ndipo wavivu wanapoanguka. Jitahidi. Sina haja ya kumshinda mtu ambaye hakufika.

Limebaki moja, nami nimelizunguka kurasa tatu. Umenisikia nikiwafundisha watoto mara elfu kwamba haki ya mja haifutwi kwa toba peke yake, mpaka mwenye haki asamehe kwa ulimi wake. Tangu Alhamisi ile nasimama mbele ya Mola wangu na haki yako shingoni. Nakuomba radhi kwa jibu la Jumatatu. Kwa hilo moja tu. Mengine yote niliyoyaandika humu nayathibitisha, na ukinijia nitayarudia mbele yako, ana kwa ana.

Wasalimie watu wa nyumbani kwako wote, wakubwa kwa wadogo. Mola akupe afya, na akuamshe mapema Jumanne.

Ni mimi,
Kaka yako wa tumbo moja, ninayengoja ulimi wako.